Matango ya Januari: Vitalu Nyumba Visivyo na Moto Kaskazini mwa China

Kitalu nyumba cha majira ya baridi kaskazini mwa China kina sura mbili zisizofanana hata kidogo. Anayekifikia kutoka kaskazini haoni kitalu. Anaona tuta la udongo lenye urefu wa mita mia moja na ushei, limeota nyasi kavu, na nyuma yake tuta jingine, na jingine tena, hadi macho yanapokoma. Anayekifikia kutoka kusini huona nailoni inayong'aa, imeinama kuanzia kileleni mwa tuta hadi chini kabisa. Hakuna bomba la moshi wala rundo la kuni. Januari, wakati madimbwi ya kando ya barabara yamekuwa barafu ya kukanyagika, ndani ya matuta hayo watu wanachuma matango wakiwa na mashati mepesi.

Njia ya kuyafikia huanzia Jinan, makao makuu ya jimbo la Shandong, na kuelekea mashariki. Treni hupita Zhangqiu, panaposifika kwa vitunguu vya majani ambavyo urefu wa mita moja na nusu kwavyo si ajabu. Wenyeji huvila vibichi, wamevikunja ndani ya mkate mwembamba uliopakwa rojo la maharage yaliyochachuka, na mgeni asiyejua kipimo atatoka machozi mbele za watu. Nje ya dirisha nchi yote ni kahawia: mipopla imepukutika majani, ngano iliyopandwa kabla ya baridi imelala chini, haioti wala haifi. Kwa mtu wa Njombe au Limuru, ambako hata mwezi wa baridi kali shamba halikosi ukijani, ni mandhari ya kutia unyonge. Kisha, karibu na Shouguang, matuta yanaanza, na inaeleweka kilimo kimekwenda wapi.

Kuotesha mboga wakati wa baridi si jambo jipya China. Historia rasmi ya nasaba ya Han inasimulia kwamba bustani ya jikoni ya mfalme iliotesha vitunguu na mboga nyingine chini ya paa, moto ukiwaka usiku na mchana. Mwaka 33 KK ofisa mmoja, Shao Xinchen, aliomba kazi hiyo ikomeshwe. Alisema chakula kisicho cha msimu wake kinadhuru mwili, na tena kinakula fedha. Kazi ikakomeshwa, hazina ikapumua. Hoja yake ya kwanza inaweza kubishaniwa. Ya pili haijapata mpinzani mpaka leo: kupasha moto nyumba ya nailoni au kioo wakati nje kunaganda ni kuchoma fedha, na wakulima wa Uholanzi walikumbushwa hilo mwaka 2022 bei ya gesi ilipopaa na baadhi yao wakaona afadhali vitalu vyao vikae vitupu.

Wachina wa kawaida wa kaskazini hawakuwa na mfalme wa kuwalipia kuni, kwa hiyo walikula kabichi. Hadi miaka ya 1980 familia za Beijing zilinunua kabichi ya Kichina kwa mamia ya kilo mwezi Novemba, zikaipanga vibarazani na kwenye ngazi, zikaifunika kwa mablanketi makuukuu, na kuila hadi majira ya kuchipua. Wazee wanaoikumbuka miaka hiyo hawaisemi vibaya kabichi, ila pia hawaiagizi hotelini.

Mabadiliko yalitoka kwa wakulima wenyewe. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, wakulima wa jimbo la Liaoning, katika maeneo ya Haicheng na Wafangdian, walifaulu kustawisha matango katikati ya baridi kwa jua pekee. Habari zilivuka bahari kwa njia ya zawadi: kuelekea Mwaka Mpya wa Kichina, ndugu wa Wang Leyi, katibu wa chama wa kijiji cha Sanyuanzhu huko Shouguang, alimletea matango mabichi kutoka Dalian. Shouguang ilikuwa tayari na mabanda ya baridi, lakini yalitegemea makaa ya mawe na yalitoa zaidi mboga za majani. Wang akafunga safari hadi Wafangdian kumtafuta aliyeyaotesha, mkulima aitwaye Han Yongshan. Mwaka 1989 kijiji kilijenga vitalu 17 vya mtindo huo, baada ya kuunenepesha ukuta na kurekebisha mteremko wa paa ulingane na jua la Shandong. Mkuu wa chama wa wilaya wakati huo, Wang Boxiang, akausukuma ujuzi huo vijiji vingine, na soko la jumla lililoanzishwa mapema katika muongo huo likapata kitu cha kuuza mwaka mzima. Shouguang ndiyo pia asili ya Jia Sixie, aliyeandika kitabu kikubwa cha kilimo, Qimin Yaoshu, katika karne ya 6, na wenyeji hawachoki kumkumbusha mgeni kwamba kilimo kwao ni urithi.

Kitalu cha namna hii hakitengenezi joto. Kinalipokea mchana na kulichelewesha kuondoka usiku, na kila sehemu yake inapimwa kwa moja kati ya kazi hizo mbili. Kuanza na kupokea: Shouguang iko karibu digrii 37 kaskazini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana katika siku fupi kuliko zote za mwaka, tarehe 21 au 22 Desemba, halipandi zaidi ya digrii 30 hivi juu ya upeo. Linakaa chini sana, upande wa kusini. Paa bapa lingelitupa sehemu kubwa ya mwanga huo. Kwa hiyo nailoni husimamishwa kwa mteremko mkali ili miale iipige uso kwa uso kadiri inavyowezekana, na jengo zima hulazwa mashariki hadi magharibi, likiutazama kusini. Wajenzi hulipinda digrii chache. Palipo na asubuhi zenye ukungu, au baridi ya alfajiri inayochelewesha kufunua, hupindwa kidogo kuelekea magharibi ili lifaidi jua la alasiri. Pasipo na shida hiyo hupindwa mashariki, kwa kuwa mmea hufanya kazi vizuri zaidi asubuhi.

Upande wa kaskazini hauna jua la kupokea wakati wa baridi, una upepo tu. Hapo ndipo unapokaa ukuta. Katika mtindo wa Shouguang ukuta ni udongo ulioshindiliwa kwa katapila, wenye unene wa mita 4 hadi 6 chini na mita moja na nusu au 2 juu. Jua la mchana hupita kwenye nailoni, huipita mimea, na kuupiga ukuta huo pamoja na sakafu. Usiku hewa ya ndani inapopoa, udongo hulirudisha joto taratibu, kama mafiga yanavyobaki na moto baada ya sufuria kuipuliwa. Vipimo vya watafiti vinaonyesha kwamba sehemu inayoshiriki katika kupokea na kurudisha huko kwa siku moja ni ya ndani tu, yenye kina cha sentimita 30 hadi 50 hivi. Mita zote zilizobaki zinazuia baridi ya nje isipenye na zinaufanya ukuta usimame. Wahandisi huona ni ufujaji wa udongo. Mkulima hujibu kwamba udongo ulikuwepo tayari, tofali lingenunuliwa.

Sakafu nayo hushushwa nusu mita hadi mita moja na nusu chini ya usawa wa shamba, kwa sababu udongo wa kina kirefu haupoi haraka kama wa juu, na pia kwa sababu udongo wa ukuta lazima uchimbwe mahali fulani. Fundi mwangalifu huutenga kwanza udongo wa juu wenye rutuba, huchimba wa chini kwa ajili ya ukuta, kisha huurudisha ule wa juu mahali pake. Asiye mwangalifu hujenga ukuta wa udongo mzuri na kupanda kwenye udongo wa ovyo, na hatalazimika kungoja zaidi ya msimu mmoja kulijua kosa lake. Mbele, chini ya ukingo wa kusini ambako baridi huingia kwa kupitia ardhini, huchimbwa mtaro mwembamba wenye kina cha nusu mita hivi, ukajazwa mabua makavu na kufunikwa nailoni. Gharama yake ni jasho la siku moja au mbili, na bado ndio kitu kinachorukwa mara nyingi zaidi na wanaojenga kwa haraka.

Ukuta peke yake, hata uwe mnene vipi, usingetosha, kwa sababu nailoni ya kawaida ni dhaifu mno usiku. Inaupitisha mwanga wa jua kuingia, na inaupitisha pia mnururisho wa joto kutoka. Matone ya unyevu yanayojikusanya upande wake wa ndani huuzuia kidogo, na nailoni za siku hizi huchanganywa viambato vya kusaidia, lakini karatasi yenye unene mdogo kuliko ukucha haiwezi kupambana na usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri. Dawa yake ni kifuniko. Kwa miaka mingi kilikuwa mkeka mzito wa mabua ya mpunga, wenye unene wa sentimita 4 au 5, unaoviringishwa juu asubuhi na kuteremshwa jioni. Siku hizi nafasi ya mkeka imechukuliwa kwa wingi na mfarishi mrefu wa nyuzi zilizoshindiliwa, ambao haunyonyi maji ya theluji na hauozi haraka.

Mikeka ya zamani ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mke na mume walipanda juu ya tuta na kuvuta kamba, mkeka baada ya mkeka, kitalu cha mita 80 kikawala saa nzima asubuhi na saa nyingine jioni. Theluji ikinyesha juu yake uzito uliongezeka maradufu. Tangu mashine za kuviringisha zilipoenea kazi hiyo ni ya dakika chache: mota inanguruma, mhimili mrefu wa chuma unajizungusha, na kifuniko chote kinapanda juu kwa pamoja. Mashine hizo zimeleta pia ajali zake, mkono wa koti au shali ikinaswa na mhimili, na wazee huwakataza vijana kuzisogelea wakiwa wamevaa nguo zinazoning'inia.

Sanaa yenyewe iko kwenye saa. Katika kitalu kimoja nje kidogo ya mji, mwenyeji alikuwa mama wa makamo mwenye koti la pamba lililofifia. Mkalimani alikuwa mwanafunzi wa kilimo kutoka Mbeya, ambaye alimwita shangazi bila kufundishwa na mtu, kwa kuwa adabu ya Shandong na ya Mbeya zinakutana hapo. Saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshapanda lakini halijachangamka, mama huyo hakugusa swichi. Alikuwa akitazama kipimajoto kilichoning'inizwa katikati ya mitango, usawa wa majani. Alieleza kwamba ukifunua mapema mno, joto la ndani hushuka na kuendelea kushuka. Ukifunua kwa wakati wake, hushuka nyuzi moja hivi, husimama, kisha hupanda. Ukichelewa, joto halishuki kabisa, na hapo umeshapoteza mwanga wa bure. Alifunua mwanzo robo tu. Akangoja. Akafunua zote. Kipimajoto kilishuka kutoka nyuzi 12 hadi 11, kikasimama.

Kufikia adhuhuri kilikuwa kimepita 28, na akavuta uzi uliofungua upenyo mwembamba kileleni mwa nailoni ili hewa yenye unyevu itoke. Kwa mgeni anayetoka kwenye baridi ya nje hilo linaonekana kama upotevu. Lakini kitalu kilichofungwa muda wote hujaa unyevu, majani hulala yamelowa, na ubwiri huingia. Mkulima anayefuga joto kwa uchoyo huishia kupulizia dawa. Alasiri joto liliporudi karibu 20 upenyo ulifungwa, na lilipokaribia 17 kifuniko kikateremshwa, ingawa nje jua lilikuwa bado lipo. Yaliyobaki ni hesabu ya usiku: kushuka taratibu hadi 11 au 12 alfajiri, wakati nje kunaweza kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi. Tofauti ya nyuzi 20 na ushei kati ya ndani na nje, bila kuchoma kitu, ndiyo inayotarajiwa kwa kitalu kilichojengwa vizuri.

Chakula cha mchana kililiwa kwenye kijumba kilichoegemea ukuta wa kando, ambacho ni mlango wa kitalu. Kijumba hicho kina kazi: mtu huingia, hufunga mlango wa nje, ndipo hufungua wa ndani, na baridi haiingii kwa mkupuo. Kulikuwa na kitanda, birika, na mezani matango yaliyopondwapondwa kwa ubapa wa kisu na kutiwa kitunguu saumu na siki, mayai yaliyokaangwa na nyanya, na mikate ya mvuke. Mama aliuliza kwao Mbeya matango huliwaje. Mwanafunzi akajibu kachumbari, akaeleza kitunguu, pilipili na ndimu. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Basi mmekosa kitunguu saumu tu."

Kitanda kile si cha mapambo. Wachina wa kaskazini huzihesabu siku 81 za baridi kuanzia siku fupi ya Desemba kwa mafungu tisa ya siku tisa tisa, na fungu la tatu, katikati ya Januari, ndilo linaloogopwa. Mtu wa Pwani atatambua mtindo: wazee wa Unguja na Lamu nao waliuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua muongo gani ni wa kupanda na upi ni wa bahari mbaya. Katika fungu la tatu mume na mke hulala zamu kijumbani. Theluji ikinyesha usiku lazima iondolewe kabla haijalielemea paa. Joto likikaribia nyuzi 8 huwashwa jiko dogo au vipande vya kuni vilivyoshindiliwa maalumu kwa ajili hiyo, kwa saa chache tu, kuokoa zao. Huo ndio moto pekee wa msimu, na miaka mingine hauwashwi kabisa.

Jambo linaloua mimea mara nyingi, hata hivyo, ni jua lenyewe. Mawingu yakikaa siku nne au tano, udongo hupoa hatua kwa hatua na mizizi hulala. Siku ya sita mbingu ikifunguka ghafla, asiyejua hufunua kitalu chote kwa furaha. Majani huanza kutoa maji, mizizi baridi haiwezi kuyapandisha, na kufikia saa sita mitango yote imenyauka pamoja kama iliyomwagiwa maji ya moto. Mkulima mzoefu siku hiyo hufunua nusu, hufunika tena majani yanapolegea, hufunua tena, na kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu. Siku za mawingu zenyewe hafungi moja kwa moja, maana mwanga hafifu una faida kuliko giza. Hufunua kwa saa chache za katikati ya mchana hata kama joto litapungua kidogo.

Kwa sababu hiyo ujuzi mwingi umeelekezwa chini, kwenye mizizi. Tango halipendi udongo ulio chini ya nyuzi 12 hivi. Miche hubebeshwa juu ya shina la boga lenye mbegu nyeusi, ambalo mizizi yake huendelea kunyonya maji kwenye udongo wa baridi wakati ya tango imeshagoma. Matuta ya kupandia hufunikwa nailoni nyembamba, na maji hupita chini yake kwa mipira ya matone, asubuhi ya siku ya jua na kamwe si jioni. Wengine huchimba mitaro chini ya mistari ya kupandia, wakaijaza mabua ya mahindi yaliyotiwa vimelea vya kuozesha, na kuyafukia. Mabua yanapooza hutoa nyuzi chache za joto na pia hewa ya ukaa, ambayo mimea iliyofungiwa huimaliza saa chache tu baada ya jua kutoka. Pipa au mifuko meusi ya maji karibu na ukuta husaidia pia, kwani maji hushika joto karibu maradufu ya udongo wa ujazo ule ule.

Kusema kitalu hiki ni cha bure ni kutohesabu. Moto umebadilishwa kwa ardhi na usingizi. Ukuta wa mita 5 hauoti kitu. Kati ya kitalu na kitalu lazima iachwe nafasi pana ili cha mbele kisikitie kivuli cha nyuma, na jua likiwa chini kiasi kile kivuli ni kirefu. Sehemu kubwa ya shamba kwa hiyo ni tuta na uwazi. Na udongo ulioshindiliwa una adui mmoja, maji. Agosti 2018 mvua za kimbunga Rumbia ziliufanya mto Mi ufurike. Sakafu zilizoshushwa kwa ajili ya joto zikawa mabwawa, na kuta zilizokauka kwa miaka zikayeyuka na kulala juu ya mabomba ya paa. Tangu hapo wajenzi wengi wameinua sakafu, wakachimba mifereji, au wakahamia kwenye kuta nyembamba za vibao vyenye povu la kuzuia joto, huku kazi ya kulihifadhi joto wakiyaachia maji yanayozungushwa kwenye mabomba ukutani.

Kuvuka mlango wa bahari wa Bohai kwa meli kutoka Yantai hadi Dalian ni kwenda kwenye asili ya ujuzi na kwenye baridi kali zaidi. Upepo wa sitahani unamaliza maongezi yote, na wauza mahindi ya kuchemsha bandarini hawahitaji kuita wateja. Wafangdian na Haicheng siku ni fupi kidogo kuliko Shouguang, jua liko chini zaidi na paa ni la mteremko mkali zaidi. Kuta nyingi ni za matofali ya tabaka mbili, katikati pamejazwa kitu cha kuzuia baridi, majivu ya makaa au povu, na vifuniko ni vizito. Ndani wengi huongeza nailoni ya pili juu ya mistari, chumba ndani ya chumba. Wazee wa huko huzungumza juu ya matango ya Shouguang kwa tabasamu la mwalimu ambaye mwanafunzi wake amekuwa tajiri.

Afrika Mashariki, vitalu nyumba vingi vinahangaika na joto, si baridi, na ndiyo maana pande zake huwa ni wavu. Lakini Kitulo na Makete hupata barafu ya alfajiri mwezi Juni na Julai, na Kinangop huunguza viazi katika usiku mkavu usio na mawingu wa Januari na Februari. Kando ya Ziwa Naivasha shamba la maua la Oserian lilitumia mvuke wa ardhini kupasha vitalu usiku, zaidi ya yote ili kupunguza unyevu unaoleta ukungu. Hizo ni nyanda zinazoweza kujifunza kwa Shandong, ila si kwa kunakili. Makete iko kusini mwa ikweta, na jua la Juni hupita upande wa kaskazini. Anayejenga ukuta mnene kaskazini atakuwa amelizuia jua. Tena jua hilo ni la karibu digrii 57, karibu mara mbili ya lile la Shouguang la Desemba, kwa hiyo linaipiga sakafu zaidi kuliko ukuta. Karibu na ikweta, kama Kinangop, linabadili upande kadiri mwaka unavyokwenda. Kinachofaa kuchukuliwa ni kifuniko cha usiku, mapipa ya maji, nailoni ya pili juu ya miche, na upenyo wa kileleni. Ukuta wa mita 5 ubaki Shandong.

Msimu wa Shouguang huenda hadi mwanzoni mwa kiangazi. Aprili, maonyesho ya mboga yanapoujaza mji wageni, vifuniko vya usiku vinaanza kuviringishwa na kukaa juu moja kwa moja, na vya mabua huanikwa vikauke kabla ya kuhifadhiwa. Juni mitango hung'olewa. Katika wiki za joto kali za Julai na Agosti udongo humwagiwa samadi na maji, hutandikwa nailoni, na milango yote hufungwa, ili jua ambalo Januari lilifugwa kwa nyuzi moja moja sasa lichemshe udongo hadi minyoo na vimelea vya maradhi vife. Baada ya hapo nailoni kuukuu huvuliwa, nyufa za ukuta huzibwa kwa tope lililochanganywa na mabua, na miche mipya hubebeshwa tayari kwa Oktoba.